Maporomoko ya Karura: mama yangu si shosho wako

Sitarudi Karura, ule msitu wa hapa Nairobi. Nasema mapema kabla sijajisahau nikaanza kusifu miti.

Juzi juzi, mvua ikiwa imepungua, nilimpeleka mama akaone yale maporomoko. Ana magoti mabovu, lakini njia ni pana na haichoshi mpaka pale unaposhuka mtoni. Hapo alinishika bega, akawa anasimama kila baada ya hatua tatu, eti anaangalia ndege. Hakukuwa na ndege.

Tulipofika alivua viatu, akaketi kwenye jiwe, leso magotini. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hata hajatulia vizuri, akatokea jamaa mwenye kamera mbili shingoni, nyuma yake bibi harusi ameinua gauni lisiguse matope. Jamaa akapiga makofi: "Shosho! Shosho, toka kwa fremu!"

Hakuna samahani, hakuna habari yenu. Makofi, kama anafukuza kuku.

Nikamuuliza kama amekodi mto. Akasema wamelipia. Kwani sisi tuliruka ua? "Madam, tusikosane, jua linapotea." Bibi harusi, maskini, alikuwa anatazama chini. Simlaumu. Ingawa mdomo alikuwa nao.

Mama hakuinuka. Alikaza leso, akasema polepole: "Wangari Maathai alipasuliwa kichwa 1999 akipigania msitu huu, na hakuutoka. Sasa mimi nitolewe na kamera?"

Basi wakangoja. Mimi nimefura, mama anatazama povu likizunguka kando ya mawe, linakatika, linazunguka tena. Nakiri, ukikaa karibu, mlio wa yale maji unameza kila kitu, hata wapiga picha. Ni madogo, aliyezoea yale ya Nyahururu atacheka. Lakini niambie ni wapi pengine Nairobi matatu inakushusha Limuru Road, unatembea kwa miguu yako, na baada ya muda husikii honi hata moja?

Nyota mbili. Haya, tatu, kwa ajili ya kima aliyemnyang'anya msaidizi wa yule jamaa mandazi, akapanda nayo juu na kuila akituangalia.

Tukirudi, mama aliniuliza kama maharusi huja hata siku za kazi. Nikamwambia sidhani. Anataka Jumatano.