Unanunua simu? Anza na masasisho yake: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Muuzaji atakuambia kamera ina megapikseli ngapi na chaji inajaa kwa dakika ngapi. Hatakuambia kampuni iliyotengeneza simu hiyo hufanya nini siku toleo jipya la programu linapotoka na kasoro. Kwa mtu ambaye pesa zake, kazi yake na picha za wanawe vyote vimo kwenye kifaa kimoja, hilo ndilo swali la kwanza dukani, na orodha hii nimeipanga kwa swali hilo peke yake.

Kasoro hazikwepeki. Samsung ilianza kuwajaribisha wenye Galaxy S24 toleo la One UI 7, mfumo wake uliojengwa juu ya Android, Desemba 2024, ikalisambaza rasmi Aprili 2025, na pamoja na miezi yote hiyo ya majaribio baadhi ya simu huko Korea Kusini zikagoma kufunguka. Kampuni ikasitisha usambazaji, ikarekebisha, ikaendelea siku chache baadaye. Mimi hilo nalihesabu kuwa sifa. Waliweza kusimama kwa sababu toleo hupelekwa kwa mafungu: watu wachache kwanza, malalamiko yakisikika breki inakanyagwa kabla halijawafikia wengine. Kampuni ya kuogopa ni ile isiyokuwa na breki, au ile isiyoleta sasisho lolote na kuacha matundu ya usalama wazi mwaka hadi mwaka.

Nafasi ya kwanza: Samsung Galaxy, kuanzia A16 kwenda juu. Galaxy A16 ya mwaka 2024 ilikuja na ahadi ya matoleo sita ya Android na miaka sita ya viraka vya usalama, yaani masasisho madogo ya kuziba matundu. Kwa simu ya bei ya kati hilo ni jambo kubwa. Miaka michache nyuma ahadi ya namna hiyo hata simu za bei mbaya hazikuwa nayo. S24 na zilizofuata zina miaka saba. Duka lenye dhamana na fundi anayeijua utavipata Dar es Salaam, Nairobi na hata miji midogo, na hapo ndipo Samsung inapowapita wenzake wote. Usidhani kila Galaxy ni sawa, lakini: baadhi ya zile ndogo chini ya A16, kama A06, zina ahadi fupi zaidi, na viraka vya simu za bei nafuu haviji kila mwezi. Soma jina la modeli kwenye boksi, usinunue kwa sura.

Nafasi ya pili: iPhone iliyotumika, ila ujue umri wake. Apple haina mpinzani kwa kukumbuka simu kongwe. iPhone 5s iliyotoka 2013 ilipata kiraka cha usalama Januari 2023. Haina maana kwamba haikosei. Septemba 2014 toleo la 8.0.1 la iOS, mfumo wa iPhone, liliwaondolea mtandao wenye iPhone 6 mpya kabisa. Likaondolewa baada ya kama saa moja, na 8.0.2 ikatoka siku iliyofuata. Julai 2023 kiraka cha haraka kikavuruga ufunguaji wa baadhi ya tovuti, nacho kikavutwa upesi na kutolewa kingine.

Hapa kwetu iPhone nyingi huingia zikiwa zimetumika, nyingi kupitia Dubai, kwa hiyo hesabu miaka kabla ya kuhesabu noti. iOS 26 ya Septemba 2025 iliziacha XR, XS na XS Max, zote za 2018. iPhone 11 ndiyo mwanzo wa kufikiria, na kama mfuko unaruhusu panda hadi 12 au 13. Angalia na afya ya betri kwenye mipangilio. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba ukishapanda toleo, kurudi nyuma Apple hukuruhusu kwa muda mfupi tu. Toleo kubwa jipya liache wiki mbili au tatu, wengine walijaribu, ndipo uliweke. Viraka vidogo vya usalama usivisubirishe.

Nafasi ya tatu: Google Pixel. Kwa programu peke yake ningeiweka ya kwanza. Pixel 8 ya Oktoba 2023 ndiyo iliyoleta ahadi ya miaka saba. Pixel pia huandika toleo jipya kwenye chumba cha pili cha hifadhi yake huku wewe ukiendelea kukaa cha kwanza. Likikataa kuwaka, simu inarudi chumba cha zamani na hujapoteza kitu. Utaratibu huo uliingia Android mwaka 2016, na Samsung ilichelewa sana kuupokea.

Kinachoishusha ni umbali. Google haiuzi Pixel rasmi Tanzania wala Kenya, kwa hiyo dhamana ni neno la muuzaji. Sasisho la Desemba 2021 lililokatisha mazungumzo ya watu kwenye Pixel 6 lilisimamishwa, na marekebisho yakafika katikati ya Januari. Kama mwezi mzima. Januari 2025 Pixel 4a zikapokea sasisho lililopunguza uwezo wa betri, na huduma ya kubadilishiwa betri bure ikatolewa katika nchi chache tu. Aliyeinunua kwa mkono wa pili Mombasa alibaki nje ya mpango huo. Nunua Pixel 8 au mpya zaidi, na ujue ikiharibika ni wewe na fundi wako.

Nafasi ya nne: Redmi ya Xiaomi. Ahadi hutofautiana modeli kwa modeli. Mwanzoni mwa 2021 sasisho la Android 11 liliziua kabisa baadhi ya Xiaomi Mi A3, hazikuwaka tena, ikabidi lisitishwe. Epuka iliyotengenezwa kwa soko la China kisha muuzaji akaibadilishia programu. Masasisho yake hayatabiriki.

Nafasi ya tano: Tecno, Infinix na itel. Zote ni za Transsion ya Shenzhen. Naziheshimu, maana ndizo zilizowafikishia wengi wetu simu janja, na vituo vyao vya matengenezo, Carlcare, viko karibu. Lakini zile za bei ya chini mara nyingi hubaki na Android ile ile zilizokuja nayo. Chagua zenye ahadi iliyoandikwa, kama Infinix Note 40 Pro ya 2024: matoleo mawili ya Android na miezi 36 ya viraka. Kabla ya kulipa, fungua mipangilio, ingia sehemu ya kuhusu simu, soma tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa ya mwaka jana kwenye simu inayouzwa mpya, irudishe kwenye boksi. Na viraka vikikoma ukiwa bado unaitumia, futa programu za benki na uhamishie miamala kwenye menyu ya laini, *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania au *334# kwa Kenya. Menyu hiyo hata kwenye kiswaswadu inafanya kazi.