Kuni za birchi kwa jiko la nyumbani: angalia gome kwanza

Tangu baridi ianze, malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wenzetu wa huku Uingereza ni yale yale. Dada mmoja wa Leicester kanunua mfuko mzima wa birchi, ule mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe, kuni za kupendeza, lakini zinafuka moshi tu, na kioo cha jiko kimeshika masizi hata moto hauonekani. Alipompigia muuzaji akaambiwa jiko lake ndilo bovu.

Jiko halina kosa. Habari za joto na harufu mtazisoma kwingine. Mimi nataka tutazame gome. Lile gome jeupe lina mafuta, ndiyo maana linashika moto upesi, lakini pia halipitishi maji. Gogo likiachwa bila kupasuliwa, unyevu hukosa pa kutokea na mti unaoza kwa ndani, huku nje ukibaki mweupe, msafi. Liinue: ni jepesi isivyo kawaida. Bonyeza kichwa chake kwa kidole gumba: linabonyea, linameguka unga unga. Basi magogo ya mviringo yenye gome kote usiyanunue, hata muuzaji akiapa. Taka vipande vilivyochanjwa.

Ya kwanza kwangu ni birchi iliyokaushwa kwenye tanuri, ambayo nyingi hutoka Latvia na Lithuania. Mimi ni mteja wa Lekto, wauzaji wa kuni, na sifichi. Ningekuwa na pesa ya kuni za aina moja tu, ningewapa wao. Kokote ununuapo, tafuta alama ya Ready to Burn, yaani kuni zimethibitishwa kuwa kavu, tayari kuwashwa. Tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa England kwa kiasi kisichofika mita 2 za ujazo zinatakiwa unyevu wake usizidi asilimia 20.

Ya pili ni iliyokaushwa kwa jua na upepo. Hapa kipima unyevu ni lazima, na usipime nje, maana nje hukauka mapema. Pasua kipande, upime ule uso mpya.

Mbichi ni rahisi bei, ila uwe na banda linalopitisha upepo na subira ya mwaka mzima. Vile vifuko vya vituo vya mafuta ni vya dharura.

Sasa bei. Wauzaji wanatuuzia "mfuko mkubwa" kana kwamba ni kipimo, na kumbe kila mmoja ana mfuko wa saizi yake, na kuni zikimwagwa humo ovyo unalipia hewa. Wapo pia wanaokusukumia mita 2 za ujazo au zaidi, kwa sababu hapo sheria ya asilimia 20 haiwabani; wanatakiwa tu kukupa maelekezo ya kukausha. Inaniuma, kwa sababu wanaoumia ni wageni wasiojua cha kuuliza. Ulizeni: ni mita ngapi za ujazo, na ni za kumwaga au za kupanga? Akianza kuzungukazunguka, kateni simu, mtafute mwingine.