Stadi na nati za tairi, Mwanjelwa: ufundi mzuri, spea zikague mwenyewe

Nimebadilisha stadi zote tano (zile boliti zinazochomoza kushika rimu) na nati zake kwenye tairi la mbele kushoto, gereji moja ya uani karibu na soko la Sido, Mwanjelwa, Mbeya. Gari ni Toyota Spacio, na kazi yake kubwa ni kushusha parachichi kutoka Tukuyu, kwa hiyo matairi yangu hayajazoea kubembelezwa. Kazi ya fundi naisifu. Spea nina maneno nazo.

Chanzo cha yote ni pancha. Kijana wa matairi wa njiani alirudisha nati kwa mashine ya upepo tangu mzunguko wa kwanza, bila kuzianzisha kwa vidole. Nati ikiingia upande, mkono unasikia ugumu mapema na unaacha. Mashine haisikii kitu, inasukuma tu mpaka uzi wa nati na uzi wa stadi vinakufa pamoja. Siku tairi lilipohitaji kufunguliwa tena, nikiwa Kiwira na mvua yake ile isiyouliza msimu, stadi moja ilikatika na nyingine mbili zikawa zinazunguka bila kukaza.

Fundi wa kwanza niliyemwendea mjini alitaka kuchomelea. "Tunaipiga moto hapo dada, dakika tano unaondoka." Niliondoka kabla ya hizo dakika tano. Chuma cha stadi kimepikwa kiwandani kiwe na ugumu wake, ukikichomelea ugumu huo unapotea, na joto lenyewe linaingia kwenye habu, yaani kile kitovu ambacho stadi zimepachikwa, na kuyeyusha grisi ya beringi. Kibaya zaidi, stadi ikija kukatika tena hakuna atakayeweza kuing'oa vizuri.

Huyu wa Mwanjelwa, mzee mmoja mpole anayefanya kazi na vijana wake wawili, hakukimbilia nyundo. Kwanza alivua tairi akaangalia matundu ya rimu kwa tochi ya simu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema gari likitembea na nati zilizolegea rimu inacheza, na ikicheza inakula matundu yake yenyewe mpaka yanapoteza umviringo. Rimu ya hivyo hata ukiiwekea stadi mpya haitatulia. Maana tairi halining'inii kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Kinacholishika ni ule mbano wa rimu dhidi ya habu. Yangu yalikuwa mazima, nashukuru, kwa sababu rimu za spoti mjini hapa unaambiwa bei mpaka unasahau kilichokupeleka dukani.

Mimi nilikwenda na hesabu ya stadi tatu. Yeye alishauri zote tano, akanionyesha sababu: zile mbili zilizoonekana nzima, moja ilikuwa imekonda katikati. Ilishavutwa. Wenzake walipoacha kufanya kazi, zilizobaki zilibeba mzigo wote, na stadi iliyovutika hairudi. Ukiikaza unasikia inakuwa ngumu, halafu ghafla inakuwa laini tena. Nililipia tano bila kinyongo.

Kung'oa kwenyewe ndiko kulikonifanya nimwamini. Alitoa kalipa, kile kibanio cha breki, akaifunga kwa waya kwenye springi isining'inie na paipu ya breki, akavua diski, akaizungusha habu mpaka stadi ikafika mahali penye nafasi kwa nyuma, ndipo akagonga. Mapigo machache ya uhakika, siyo kutwanga ovyo, kwa sababu kila pigo linapita kwenye beringi. Kurudisha hakugonga kabisa. Stadi ina meno shingoni yanayoshika kwenye tundu la habu, sasa yeye aliipachika kwa nyuma, akapanga washa kadhaa kwa mbele, akafunga nati ya zamani iliyogeuzwa upande wake bapa, akaivuta taratibu kwa spana mpaka kichwa kikakaa sawasawa. Nati mpya hakuigusa kwenye hatua hiyo. Akanipa tochi nichungulie nyuma nihakikishe hakuna kichwa kilichoacha mwanya. Kikiacha mwanya, kitamalizia kukaa barabarani, na kikikaa huko nati inakuwa imelegea wakati wewe uko kwenye mteremko wa Iwambi na lori nyuma yako.

Sasa spea. Gereji haina stoo, kijana anatumwa na bodaboda kwenye maduka ya Kabwe na Mafiati, na hapo ndipo muda ulipopotea. Alirudi na stadi sahihi lakini nati zikagoma baada ya mizunguko miwili tu. Zilikuwa za Nissan. Kipenyo ni kilekile milimita 12, ila umbali kati ya uzi na uzi kwa Toyota ni milimita 1.5 na kwa Nissan nyingi 1.25, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Yule wa mashine ya upepo angezilazimisha zikaingia. Mzee alizirudisha.

Safari ya pili zikaja nati mpya zinazong'aa kama zimetoka harusini, uzi sahihi, lakini nyepesi mkononi na rangi ya fedha imeanza kubanduka zikiwa bado kwenye mfuko. Nilizikataa nikachukua za mtumba za Toyota zenyewe, uzi safi, shilingi 2,000 kila moja. Stadi mpya zilikuwa 5,000 kila moja na ufundi 25,000. Kwa nati sioni ubaya wa mtumba ukizikagua. Stadi ya mtumba sichukui, kwa sababu ikishang'olewa mara moja meno yake yamekwisha kulika.

Jambo jingine ambalo maduka hayakuulizi: umbo la mdomo wa nati. Rimu nyingi za Toyota za chuma zinataka nati yenye mdomo uliochongoka, lakini zile za aloi za kiwandani nyingi zinataka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Honda wao mdomo wao ni wa mviringo. Ukichanganya, nati inagusa rimu sehemu ndogo tu na haiwezi kubana, hata ukikaza mpaka jasho likutoke. Mzee alizijaribu kwenye rimu kabla hajalipa, na hilo nimempa alama.

Ninachomkosoa ni kukosa spana ya kupimia nguvu. Corolla za kizazi cha Spacio yangu zinataka nyutoni mita 103. Kwa spana ya tairi ya sentimita 35 hiyo ni kama kuisukuma kwa kilo 30 mwishoni mwa mpini. Mtu wa kilo 80 akisimama juu yake, kama tunavyoona kila siku, anakaribia mara tatu ya hapo. Mzee alikaza kwa mkono, kwa kuruka nati moja moja badala ya kuzunguka, raundi ya kwanza kidogo na ya pili kwa nguvu, na hakuruhusu kijana apake grisi kwenye uzi, kwani uzi wenye mafuta unavutika kupita kipimo kwa nguvu ileile. Yote sawa. Lakini gereji inayopokea magari mengi vile, na Fuso za zamani zenye nati za kushoto zinazofunguka kinyume, ingenunua tu hicho kifaa.

Aliniambia nikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Nilifanya hivyo Tukuyu, jirani na stendi, rimu ikiwa imepoa. Nati mbili zilikubali robo mzunguko, tatu hazikutikisika. Usukani uliokuwa unatetemeka nikishuka Isyonje umetulia.

Ukienda, beba nati yako moja ya zamani iliyo nzima uikabidhi kwa kijana wa bodaboda kabla hajaondoka, au mfuate mwenyewe dukani. Nenda asubuhi. Jumamosi pale ni foleni ya Noah za Kyela na Tukuyu, na mzee akishaingia chini ya Noah hatoki mapema.