IMDbPro: inakupa anwani, adabu ni juu yako

Huduma hii ya kulipia ya IMDb, tovuti ya taarifa za filamu na waigizaji, iliyoanza mwaka 2002, ina faida moja kubwa: inaonyesha nani anamwakilisha nani. Fungua ukurasa wa mwigizaji anayejulikana, utakuta wakala, meneja, na mara nyingi simu ya ofisi zao. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanakusanya anwani hamsini, wanatuma barua pepe ileile kwa wote, na skripti wameiambatisha. Kampuni nyingi hazifungui skripti ambazo hazikuziomba, kwa kuogopa kesi za wizi wa wazo. Andika aya moja tu: wewe nani, kazi ipi ya unayemtafuta umeitazama, unaomba nini. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja, basi.

STARmeter, kipimo cha umaarufu kilichomo humo, ipuuze, inapima kurasa zinavyotafutwa, haisemi nani atakujibu.

Kasoro: mawakala huhama, na taarifa huchelewa kubadilishwa. Piga simu mapokezi uthibitishe kwanza, na msaidizi atakayepokea muulize jina, uliandike (kesho huenda yeye ndiye mtayarishaji). Kwa mafundi wa taa na sauti inasaidia kidogo sana. Wengi wao hawana wakala.