Kamera ya mstaafu wa Dodoma: ipi kwanza, ipi mwisho

Kiinua mgongo kikiingia, wapo wanaonunua bodaboda, wapo wanaochimba kisima, na wapo wachache kama mimi wanaotaka kamera. Nilianza nikiwa na miaka 61. Tangu hapo nimenunua, nimeuza, na mara moja nimepigwa, yaani nimeuziwa mbovu. Mstaafu mwenzangu, megapikseli ziache kwanza. Anza na macho yako, mikono yako na vumbi letu.

1. DSLR ndogo iliyotumika

DSLR ni kamera ya kubadilisha lenzi, yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kidirisha cha kuchungulia. Naiweka mbele Nikon D3500 ya mwaka 2018. Ikiwa na betri na kadi ina gramu 415 bila lenzi, haivunji shingo. Betri moja imepimwa kutoa picha 1,550, kwa hiyo unashinda mnadani Msalato Jumamosi nzima, nyama choma na ng'ombe wote, bila kukumbuka chaja.

Ila sababu yangu kubwa ni kile kidirisha cha kuchungulia. Jua la saa sita hapa kwetu linafuta kabisa kioo cha simu. Unabofya kwa kubahatisha. Kwenye kidirisha unaona kila kitu. Pembeni yake kuna kigurudumu kidogo: kizungushe mpaka tarakimu za ndani zisomeke vizuri, na wengi wetu tunaweza kupiga bila miwani. Nimekutana na mzee aliyetaka kuuza kamera yake akidai lenzi ina ukungu, kumbe kigurudumu hicho hajawahi kukigusa!

Angalizo: lenzi ya kawaida ya kamera hii, ya milimita 18-55, huuzwa kwa namna mbili. Chukua yenye herufi VR, kwa sababu ndiyo inayotuliza mtikisiko wa mikono, na bodi yenyewe haina kitulizi. Canon EOS 2000D ni nzito kidogo lakini inafaa pia. Huko herufi za kutafuta ni IS.

2. Simu uliyonayo

Sitanii. Kama hujawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kuusubiri mbuyu upate mwanga, kaa na simu miezi mitatu kwanza. Ukiona bado unaamka, rudi namba moja.

3. Canon PowerShot SX70 HS

Hii ni ya wapenda ndege. Inavuta mara 65, unakaa ukingoni mwa bwawa la Hombolo na korongo unamwona jicho. Lenzi haitoki, hivyo hubebi mzigo wa lenzi nyingine. Udhaifu wake ni kihisi kidogo, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga: jua likizama tu, picha zinajaa chengachenga.

4. Sony a6000

Kamera nzuri kweli, gramu 344 tu na betri yake. Ningekuwa Moshi ningeipandisha. Lakini haina kioo cha ndani kama DSLR, ukitoa lenzi kihisi kinabaki wazi, na upepo wa Agosti hapa Dodoma hauna adabu. Ukiipenda hivyo hivyo, badilisha lenzi ndani ya nyumba.

Zile kubwa za fremu kamili, zenye kihisi kikubwa zaidi, waachie wapiga harusi. Lenzi zake zitakula pensheni yako.

Kabla hujatoa pesa

Kamera nyingi zilizotumika zinatoka Dar, na huko Pwani unyevu huzaa fangasi ndani ya lenzi. Ndipo nilipopigwa: nilitazama lenzi kwa nje, iking'aa kama sahani ya sikukuu, nikalipa. Nilipofika nyumbani nikamulika na tochi ya simu, nikaona nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Mulika dukani, toka upande wa nyuma.

Kisha weka f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), piga picha ya anga tupu na uikuze. Vidoa vyeusi ni vumbi kwenye kihisi. Vinasafishika, ila viwe sababu ya kushusha bei. Uliza pia shata, kile kipazia kinachofunguka kila unapopiga picha, imebofywa mara ngapi. D3500 imepimwa kwa 100,000, na mimi ikishavuka 60,000 naondoka.

Chenji iliyobaki nunua puto la mpira la kupulizia vumbi. Usipulize kihisi kwa mdomo. Mate yakikauka pale utamtafuta fundi.