Video za sherehe: utoze kwa saa au kwa kifurushi?

Anayeanza kupiga video za sherehe na kuunganisha picha mnato kuwa video hukwama hapa mapema. Ukitoza kwa saa, sherehe ikichelewa hupati hasara, kwani kila saa ya ziada inalipwa. Ila uhariri ndio unaomeza siku, na mteja hauoni. Saa 1 ya video ya 4K (ubora wa juu wa picha) iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza takribani gigabaiti 45. Ukiweka nakala ya pili, ni 90. Diski hizo nani analipia? Bei ikihesabu muda wa ukumbini tu, ni wewe.

Kifurushi huyabeba yote hayo kwa bei moja, na mteja anajua mapema atalipa nini. Hapo kinashinda, mradi uandike idadi ya picha, urefu wa video na marekebisho mangapi hayalipiwi. Bila maandishi hayo marekebisho hayaishi, na faida yote huishia humo.

Kwa video ya picha za familia, inayotengenezwa mezani, kifurushi kinafaa zaidi. Kwa shughuli zisizofuata ratiba, au kama bado hujui kasi yako ya kuhariri, saa inakulinda, mradi uhesabu na saa za kuhariri.