Norse Mythology ya Neil Gaiman: usianzie ukurasa wa kwanza

Karibuni tena wadau. Leo mezani tuna Norse Mythology ya Neil Gaiman, toleo la 2017: hadithi 15 za Odin, Thor na Loki, miungu ya kale ya Skandinavia, kwa Kiingereza chepesi kabisa.

Kama miungu hii umeijulia kwenye filamu za Marvel, kuna mawili ya kuyavua mlangoni. Loki si mdogo wake Thor, ni ndugu wa kuchanjiana wa Odin. Na Laufey ni mama yake Loki, si baba!

Sasa, wengi kitabu hiki kinawashinda kwa sababu wanaanzia mwanzo. Huko kuna Ymir, Muspell, Niflheim, majina juu ya majina, na hujampenda mtu bado. Rukia hadithi ya hazina za miungu. Loki kamnyoa nywele Sif, mke wa Thor, usingizini. Katika kulipa deni hilo anaweka dau kichwa chake dhidi ya vibeti wahunzi wawili, halafu anajigeuza nzi ili awaharibie. Brokk, mmoja wao, yuko kwenye mvukuto, na sharti ni moja: upepo usikatike. Nzi anamng'ata, Brokk anavumilia. Ikifika zamu ya kufua nyundo ya Thor, nzi anahamia kwenye kope, damu inaingia jichoni, Brokk anajipangusa mara moja tu. Basi. Ndiyo maana nyundo hiyo ina mpini mfupi.

Ukitoka hapo soma harusi ya Freya, mungu wa kike, Thor kavalishwa shela badala yake na anamaliza ng'ombe mzima mbele ya bwana harusi. Utacheka. Kisha rudi mwanzo, ufuate mpangilio wa kitabu. Ya watoto wa Loki usiiruke hata kidogo: usipomjua mbwamwitu Fenrir na jinsi alivyofungwa, Ragnarok, vita vya mwisho vya miungu, itakupita hivi hivi.

Majina: J isome kama y: Jormungandr, yule nyoka mkubwa, ni Yormungandr. Frey ni kaka, Freya ni dada, herufi moja tu inawatenganisha. Nyuma kuna faharasa, weka alama pale.

Dosari yake? Hakuambii hadithi ipi imetoka utenzi upi, na ipi kwa Snorri Sturluson, Mwaisilandi aliyeziandika karne ya 13. Hilo utalipata kwa Kevin Crossley-Holland, The Norse Myths, 1980: hadithi 32, na kila moja ina maelezo yake mwishoni mwa kitabu. Lugha yake ni nzito kidogo, kwa hiyo kiwe cha pili.